Iliandika "Imehifadhiwa": kisa cha mizigo mitano ya alizeti

Mimi ni mmoja wa watu wawili walioandika programu inayozungumziwa hapa, kwa hiyo msomaji asinichukulie kama mwamuzi asiye na upande. Kisa kilitokea mwaka 2024 katika chama kimoja cha msingi cha ushirika mkoani Dodoma. Jina la chama, la kijiji na ya wahusika nimeyaacha, na tarakimu chache nimezisogeza kidogo ili mtu asitambulike. Mpangilio wa matukio sijaugusa.

## Usuli

Alizeti ya kanda ya kati hupandwa mvua zikishakolea, Desemba hadi Januari, na kuvunwa kuanzia Mei. Chama hiki kina wanachama wasiofika mia nne, ghala moja la bati, mizani moja ya kielektroniki yenye stika ya Wakala wa Vipimo, na ofisi ya vyumba viwili yenye mwarobaini mbele yake. Mkulima huleta magunia, hupimiwa, kilo huandikwa. Kiwanda cha kukamua mafuta kikishalipa, chama humtumia mkulima fedha zake kwa simu.

Miaka yote uandishi ulifanywa kwenye kaunta buku na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi za kaboni. Nakala ya juu ya mkulima, ya pili ya mhasibu, ya tatu inabaki kitabuni. Matatizo yake hakuna aliyeyakataa: mwandiko usiosomeka, kaboni zilizochakaa, kufunga hesabu za msimu kwa wiki kadhaa, na minong'ono isiyokwisha kwamba karani anawaongezea kilo shemeji zake. Kwa kweli bodi ilitaka kuondokana na minong'ono kuliko ilivyotaka kasi. Ndiyo maana tukaitwa.

## Tulichowauzia

Programu ilikaa kwenye simu janja ya karani. Anaingiza namba ya mkulima, idadi ya magunia na kilo, anabonyeza Hifadhi, skrini inatoa alama ya kijani na neno "Imehifadhiwa". Simu inapeleka taarifa kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi taarifa tuliyoikodi Ulaya, seva inamtumia mkulima meseji, na bodi inaona grafu za rangi zikipanda siku hadi siku. Kitabu cha kaboni tuliagiza kifungiwe kabatini. Tulisema mbele ya watu kwamba penye vitabu viwili ndipo wizi unapojificha.

Grafu hizo zilikula karibu theluthi ya muda wetu wote wa kazi. Sijawahi kumwona mjumbe wa bodi akizifungua tena baada ya siku ya kwanza.

Tulipoionyesha programu, mjini, kwenye chumba chenye Wi-Fi nzuri na maji ya chupa mezani, swali moja tu lilikuwa na uzito, nalo liliulizwa na mama mmoja mjumbe ambaye hakuwa ameshika simu wakati wote wa kikao: "Na ikizima chaji katikati ya kazi, wanangu, yaliyomo yanakwenda wapi?" Tukatabasamu, tukasema kuna pawabenki. Akaitikia kwa kichwa, kikao kikaendelea.

Kuna jambo la usiku wa kuamkia siku hiyo ambalo lazima niliandike. Mwanzoni alama ya kijani ilitokea baada tu ya seva kujibu. Kwa Wi-Fi ya ofisini ilichukua sekunde mbili au tatu, na tuliona zitachosha mbele ya wageni. Nikabadilisha mistari michache: kijani kiwake papo hapo mtu akibonyeza, taarifa iingie kwenye foleni, foleni iendelee kutuma kimyakimya. Foleni yenyewe niliiweka kwenye kumbukumbu ya muda ya simu, ile inayofutika simu ikizimika, kwa sababu kuiandika kwenye hifadhi ya kudumu kungetaka nusu siku nyingine. Nilijiwekea alama kwamba nitarekebisha kabla ya msimu. Sikurekebisha.

## Wiki za mkongo

Ununuzi ulianza mwanzoni mwa Mei na siku za mwanzo zilikuwa shwari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika na intaneti ya Tanzania ikayumba. Nchi nzima ilijua. Kwa hiyo karani alipopiga simu kusema kwamba meseji za wakulima zinachelewa, na nyingine zinakuja mbili mbili, jibu lilikuwa tayari mdomoni mwetu: "Ni mkongo, dada. Vumilia kidogo."

Mkongo ulikuwa sababu ya kweli kwa siku kadhaa. Sisi tuliutumia mpaka mwisho wa mwezi. Na hiyo "mbili mbili" ilipaswa kutuamsha usingizini palepale. Mkongo ukikatika meseji huchelewa, lakini haumpimii mkulima alizeti mara mbili.

Kijijini kwenyewe mtandao ni wa kubahatisha hata mkongo ukiwa mzima. Mnara ni mmoja, uko nyuma ya kilima, na umeme ukikatika mchana kutwa nao huzimika. Haya tungeyajua kwa kukaa pale siku moja tu kabla ya kuandika chochote. Tulikwenda mara moja, tukakaa saa mbili, tukala kuku, tukarudi mjini.

## Siku ya mnada

Kila wiki siku ya mnada ndiyo siku ya kazi pale ghalani, kwa kuwa mtu anayekuja na punda au guta kuuza mbuzi na kununua sukari hupitisha na magunia yake. Siku ya mnada ya mwisho wa Mei karani alipima mizigo 61.

Umeme ulikatika asubuhi. Pawabenki tuliyoiacha ilikuwa imeazimwa na meneja, naye alikuwa mjini kwa semina. Mtandao ulikuja na kupotea. Karani akibonyeza Hifadhi anapata kijani, lakini mkulima anasimama pale pale: "Sijaona meseji." Karani anamwambia itakuja. Mkulima haondoki. Karani anafungua orodha ya siku aone kama mzigo umo, haumo, anauandika upya.

Saa tisa alasiri simu ilizima. Ilichajiwa kwa sola kwenye kibanda cha wakala wa fedha jirani na ghala, watu wakasubiri chini ya mwarobaini, na baada ya nusu saa kazi ikaendelea mpaka jua likapunguza ukali. Ilipowaka, simu ilionyesha tarehe ya mwaka 2015. Ni simu ya bei ya chini, betri ikiisha kabisa saa yake inaanza upya, na bila mtandao haikuwa na pa kuulizia leo ni lini. Karani hakuiona tarehe hiyo, kwa sababu skrini yetu haikuionyesha popote.

Jioni alifunga ghala. Kila mzigo aliouandika ulikuwa umewaka kijani.

## Siku ya malipo

Siku tano baadaye mhasibu alitoa orodha ya wiki kutoka kwenye mfumo na kuanza kulipa. Kesho yake asubuhi mzee mmoja alifika ofisini kwa baiskeli. Alileta magunia 14, kilo 912, hajapata shilingi. Mhasibu akatafuta jina lake, hakuna. Akatafuta namba yake, hakuna.

"Una karatasi, mzee?"

"Karatasi mlisema zimekwisha, mwanangu. Niliambiwa itakuja meseji."

Mpaka saa sita wakafika wengine. Wakati huo huo ikajulikana kwamba mama mmoja amelipwa mara mbili. Alipoulizwa mbona hakusema, alijibu bila wasiwasi kwamba chama kilikuwa na deni lake la msimu uliopita, akajua hatimaye wamelikumbuka. (Deni hilo lilikuwa la kweli, na ndogo kuliko fedha alizopokea.)

Meneja akajumlisha. Mfumo unaonyesha mizigo 58 siku ya mnada. Karani anasema alipima 61. Mitatu iko wapi? Kwa waliokuwa ofisini jibu lilikuwa rahisi na la zamani: karani. Wapo waliokumbushana habari za shemeji. Alasiri hiyo aliambiwa akae nyumbani mpaka bodi ikutane, na mwanya ukawapa watu nafasi ya kumaliza hukumu njiani kabla ya kikao.

Meneja alitupigia. Nilifungua seva nikiwa mezani kwangu mjini. Ilikuwa hewani, haikuwa na hitilafu hata moja siku ile, na mizigo 58 ilikuwa imepangwa vizuri. Nikamjibu: "Mfumo uko sawa, meneja. Kilichoingizwa ndicho kilichomo." Nilijibu nilichokiona. Kwa sentensi hiyo karani alikaa nyumbani siku tatu.

## Vitabu viwili, saa tatu

Siku ya tatu tuliendesha gari kwenda kijijini, zaidi kwa sababu mwenyekiti alipiga mwenyewe na hakupandisha sauti. Tulimkuta karani kwao. Aliingia ndani, akatoka na kaunta buku iliyofungwa kwa mpira. Tangu siku ya kwanza ya msimu alikuwa ameandika kila mzigo mara mbili, kwenye simu yetu na kwenye daftari lake, chini ya meza, kwa kuwa tulikataza. Alisema: "Simu nimekabidhiwa na nyie. Lakini atakayeulizwa ni mimi."

Tukakaa na vitabu viwili, chake na cha seva, tukalinganisha mzigo kwa mzigo. Asubuhi nzima hakuna kilicholingana na chochote, na tulianza kuogopa kwamba daftari lake nalo limetungwa. Kumbe ni saa. Yeye aliandika 4:20, saa nne na dakika ishirini asubuhi kama anavyosema kila mtu. Simu ilihesabu 10:20. Seva, iliyowekwa kwa saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, ilihifadhi 07:20. Mzigo mmoja, saa tatu tofauti, na zote sahihi. Tulipoongeza saa sita upande mmoja na tatu upande mwingine, mistari ikaanza kukaa mahali pake.

Hesabu ya siku ya mnada ilitoka hivi. Mizigo halisi 61. Iliyoingia sawasawa 47. Ambayo haikuwa kwenye orodha ya wiki 14: kati yake tisa tuliikuta kwenye seva ikiwa imepewa tarehe ya mwaka 2015, na mitano haikuwa popote. Kisha kulikuwa na mistari 11 ya ziada, mizigo ile ile iliyoandikwa mara ya pili. 47 na 11 ni 58.

Yaani tofauti ya mitatu ambayo karani aliwekwa nyumbani kwa ajili yake haikuwapo kabisa. Ilikuwa makosa 25 yaliyofutana mpaka yakabaki matatu. Kama nakala za ziada zingekuwa 14 badala ya 11, jumla ingelingana sawasawa, mhasibu angefurahi, na yule mzee angeambiwa ana kumbukumbu mbaya.

Ushahidi uliomaliza ubishi ulikuwa ghalani. Magunia yalihesabiwa yote mbele ya mwenyekiti na wakulima wanne. Idadi ililingana na kaunta buku. Haikulingana na mfumo.

## Maamuzi na sababu zake

Bodi ilikutana jioni ile ile. La kwanza lilikuwa kama malipo yasimame. Mhasibu alitaka yasimame mpaka kila kitu kieleweke, na kihasibu alikuwa na haki. Mwenyekiti alikataa: watu wana madeni madukani, na wachuuzi wenye fedha mkononi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Ikaamuliwa kwamba mzigo unaolingana katika vitabu vyote viwili ulipwe kesho, unaogongana usubiri, na kila anayesubiri aambiwe na mtu, uso kwa uso, kwa nini anasubiri. Naona huu ndio uamuzi bora wa kisa kizima, na haukutoka kwetu.

La pili, waliolipwa zaidi hawakudaiwa fedha taslimu. Walikubaliana kukatwa kwenye mzigo ujao. Kudai fedha ambazo chama chenyewe kilimtumia mtu ni kumfanya mkosaji kwa kosa la mwingine.

La tatu, karani arudi kazini na ijulikane hadharani kwa nini amerudi. Mwenyekiti alitaka tuseme sisi. Tulisimama chini ya mwarobaini tukasema, na mimi nikaeleza ile sentensi yangu ya simu. Lilikuwa fupi na halikuwa rahisi.

La nne lilikuwa letu: turudi kwenye karatasi moja kwa moja au turekebishe tukiwa njiani? Tulichagua yote mawili. Kitabu cha kaboni kilitolewa kabatini siku hiyo hiyo kikabaki juu ya meza. Programu tukaipa siku nne.

Katika siku hizo nne tuliondoa grafu na kufanya mambo ambayo hayaonekani kwenye maonyesho. Mzigo unaandikwa kwanza kwenye hifadhi ya kudumu ya simu, na skrini haisemi lolote kabla ya hapo. Kila mzigo unapewa namba yake na simu yenyewe, hivyo seva ikipokea namba ile ile mara ya pili inajibu kwamba tayari ninayo, haiandiki mstari mpya. Neno "Imehifadhiwa" lilifutwa. Badala yake kuna hali mbili: "Iko kwenye simu", ya njano, na "Imefika ofisini", ya kijani, na kijani hakiwaki mpaka seva ijibu. Tarehe ikiwa nyuma ya mzigo wa mwisho, programu inakataa kuendelea mpaka karani aisahihishe. Sola ndogo na betri vikanunuliwa, pawabenki ikafungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza. Na jioni, kabla ya ghala kufungwa, vitu vitatu vinalinganishwa: magunia, daftari, simu.

## Matokeo

Mzee wa magunia 14 alilipwa siku ya sita tangu alipokuja na baiskeli. Wengine wanne wa mizigo iliyopotea walilipwa pamoja naye kwa nguvu ya kaunta buku na hesabu ya ghala. Nakala za ziada za siku nyingine za Mei zilipatikana kwa njia ile ile. Mkulima mmoja aliyelipwa mara mbili hakuleta tena mzigo, na fedha hizo zilikatwa kwenye malipo yetu sisi.

Kwa msimu uliobaki simu ilizima mara kadhaa, na mara moja iliangukia ndoo ya maji ya kunawa. Hakuna mzigo uliopotea. Migogoro ilikuwa miwili, yote kuhusu gunia lililolowa, si kuhusu maandishi.

Lakini baadhi ya wakulima waliokuwa wanasubiri malipo waliuza mavuno yaliyobaki kwa wachuuzi, kwa bei ya chini, na msimu uliofuata hawakurudi. Hao hatuwezi kuwahesabu kwenye seva.

## Uchambuzi

Mkataba wetu uliahidi kwamba mfumo utapatikana kwa asilimia 99 ya muda. Ni ahadi inayosikika kubwa. Asilimia moja ya mwaka ni siku tatu na saa kumi na tano hivi. Msimu wa chama hiki ni wiki kama kumi, wenye siku kumi za mnada. Mfumo ungeweza kulala siku tatu za mnada zenye mizigo mingi kuliko zote, tukawa bado tumetimiza mkataba. Lakini hata hilo si kiini, maana siku ile seva haikulala hata dakika moja. Kwa kipimo tulichojiwekea tulifanya kazi kwa asilimia mia.

Nchini kwetu watu wamezoea kuambiwa mfumo uko chini. Wanaambiwa benki, wanaambiwa wanaponunua umeme wa LUKU, wanakunja karatasi zao na kurudi kesho. Hawapendi, ila wanajua wamesimama wapi: jambo halijafanyika. Kama simu yetu ingesema waziwazi "Sijaweza", karani angeandika kitabuni, mkulima angeondoka na karatasi, na kisa hiki kisingekuwapo. Mimi niliandika programu iliyoona aibu kukiri. Kati ya mashine inayosimama na mashine inayosema imefanya wakati haijafanya, ya kwanza inampotezea mtu asubuhi, ya pili inampotezea kazi na jina.

Nilizungumza na yule wakala wa fedha aliyetuchajia simu. Huduma za fedha kwa simu zipo Tanzania tangu mwaka 2008 na zimefundisha vijiji vyetu nidhamu ambayo sisi watengenezaji tuliipita bila kuiona: hakuna kinachotolewa dukani mpaka meseji iingie, na kila muamala una namba yake. Nilimuuliza anafanya nini mtandao ukiganda katikati. Alijibu huku anahesabu noti: "Sirudii muamala kabla sijaangalia salio." Karani alifanya hivyo hivyo. Kabla ya kurudia aliangalia orodha. Tatizo ni kwamba orodha yetu ilionyesha yaliyofika kwenye seva tu, haikuonyesha yaliyokuwa bado kwenye foleni ndani ya simu aliyoishika. Tulimpa salio la uongo, kisha tukashangaa amerudia.

Kati ya nakala 11, saba zilitokana na hilo, na nne simu ilizituma yenyewe mara ya pili, baada ya seva kupokea lakini jibu kupotea njiani. Hizi nne zinatibiwa na namba ya mzigo. Saba hazitibiwi nayo, kwa sababu karani alizianza upya na simu ikazipa namba mpya. Dawa yake ni orodha inayoonyesha kila kilichomo, kilichofika na ambacho hakijafika. Nasisitiza kwa kuwa wenzangu wengi huishia kwenye dawa ya kwanza wakaona wamemaliza.

Lilinishtua kugundua baadaye kwamba kosa la aina hii lina historia. Mwaka 2015, katika kijiji cha Dalmellington huko Scotland, msimamizi wa kituo kidogo cha posta alikuwa akiingiza pauni 8,000 kwenye mfumo wa Posta ya Uingereza uitwao Horizon. Skrini iliganda, akabonyeza tena na tena. Mfumo ukaandika amepokea mara nne, pauni 32,000, na pengo la 24,000 likamkabili yeye. Kwake kosa lilibainika. Lakini kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa vituo vya aina hiyo walitiwa hatiani kwa upungufu ulioonekana kwenye hesabu za mfumo huo, wengine wakafungwa, na ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 kuzifuta hukumu kwa mkupuo. Miaka yote hiyo wenye mfumo walishikilia kwamba mfumo uko sawa. Nikikumbuka jibu langu kwa meneja sijioni mbali nao. Tofauti ni daftari moja lililofungwa kwa mpira.

Kilichofaulu katika kisa hiki karibu chote kilikuwa nje ya programu: kaunta buku, magunia yanayoweza kuhesabiwa kwa kidole, mwenyekiti aliyekataa kusimamisha malipo yote. Ya kwetu yaliyofaulu yalikuja baada ya kuumiza watu. Kuhusu vitabu viwili nilikosea kabisa. Wizi hujificha pale vitabu viwili visipolinganishwa. Vikilinganishwa kila jioni, ndipo mahali pagumu kuliko pote pa kuiba au kukosea.

Kuna hoja moja dhidi yetu ambayo mwenzangu bado haikubali. Yeye anaona kosa kubwa lilikuwa foleni kuwekwa kwenye kumbukumbu ya muda. Ni kosa, na ni langu. Lakini mizigo iliyopotea kwa foleni ni mitano. Kati ya makosa 20 yaliyobaki, 16 yalitoka kwenye maneno na picha za skrini: kijani kisichostahili, orodha iliyoficha, tarehe isiyoonyeshwa. Siku zote tulidhani uimara wa programu uko kwenye seva, na sehemu ya mbele ni urembo. Kwa karani hakuna seva. Kuna skrini ya inchi sita, jua kali, na mtu mbele yake anayesema hajaona meseji.

## Yaliyobaki

Msimu uliofuata bodi iliuliza kama sasa kitabu cha kaboni kinaweza kurudi kabatini. Tuliwaambia kibaki. Gharama yake ni ndogo, na wakulima wengi huikunja ile karatasi na kuiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki na kitambulisho, hata meseji ikiwa imekwishaingia.

Karani, alipoulizwa anataka nini kiongezwe, hakutaja grafu wala rangi. Alitaka skrini ionyeshe tarehe kubwa juu, na saa yetu, saa nne iwe saa nne. Tuliweka. Asubuhi ya kwanza alitazama skrini, akatazama saa yake ya mkononi, akafungua kaunta buku akaandika mzigo wa kwanza.